Vibati Viwili, Msumari Mmoja

Betri ya taa ilikuwa bado inachaji juu ya friji, na mwenyewe alishaondoka. Mume wangu alikunywa chai yake amesimama, akanyakua koti, akatoka mbio kurudi kazini, betri akaisahau. Mimi nilikuwa nimevua viatu na kuloweka miguu kwenye beseni. Nikaitazama ile betri. Nikatazama dirishani, jua linazama. Kule anakofanya kazi, ndani ya handaki la mgodi, hata mchana huoni kidole chako, na taa ya ziada aliyokuwa nayo ilikuwa mbovu, inakaa dakika ishirini ikijitahidi sana.

Nikavaa viatu tena.

Niseme mapema, kabla hujanihurumia: nina wivu. Si wivu wa kuuliza "ulikuwa wapi" kisha mtu akalala. Wivu wangu hunusa kola. Hupekua mifuko. Huhesabu vifungo vya shati asubuhi na kuvihesabu tena jioni. Shangazi aliyenilea alikuwa akisema nitamfukuza mume kwa macho tu, bila kufungua mdomo. Mume wangu alikuwa akicheka. Alisema mwanamke asiyemwonea wivu mumewe labda ameshamchoka. Maneno matamu hayo, lakini hayakunitibu.

Na siku zile nilikuwa na sababu. Au nilidhani ninayo.

Sote wawili tulifanya kazi kwenye mgodi wa shaba ulio juu ya ghuba. Sikusema mgodi uliofungwa, kwa sababu haukufungwa. Ulitelekezwa. Wenyewe waliondoka mimi sijazaliwa, wakaacha handaki limeachama, na maji yakawa yanatoka humo mwaka baada ya mwaka, ya kijani katikati na rangi ya kutu pembeni, yakiteremka mpaka baharini. Ghuba ikafa taratibu. Kaa walitangulia, wakafuata chaza, kisha samaki wadogo wa kwenye mawe. Wavuvi wakawa wanakwenda mbali, wanamaliza mafuta ya injini, na hata wakirudi na samaki mzuri wa huko mbali, mnunuzi anamgeuza geuza na kuuliza amevuliwa maji gani.

Mradi wa kusafisha ulipokuja, mji mzima ulipata kazi. Walichimba mabwawa ya chokaa ili maji machungu yakitoka yapungue ukali humo kabla ya kushuka. Wakaleta pampu. Mwisho wa yote ulikuwa kizibo: zege nene la kuziba mdomo wa handaki, lenye bomba moja tu katikati na koki, ili maji yatoke kwa amri yetu na si kwa amri yake. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu. Mimi nilikuwa mtunza ubao.

Ubao wenyewe ulitundikwa nje ya kontena, hatua chache kutoka mdomo wa handaki. Misumari thelathini. Kila anayeingia anatundika kibati chake chenye namba, akitoka anakichukua, nami naandika kwenye daftari. Na hakuna ruhusa ya kuingia peke yako. Wanaoingia wawili wanatundika msumari mmoja, kibati juu ya kibati, ili ijulikane nani anamsubiri nani. Kibati kikiwa ubaoni, mtu yuko ndani. Kikitoka ubaoni, mtu ametoka. Hakuna habari ya tatu.

Kibati cha mume wangu kilikuwa kumi na moja.

Kumi na nne kilikuwa cha Mpima Maji.

Huyu ndiye sababu. Binti mrefu, mtaratibu, alikuja na mradi akiwa na sanduku la vichupa na vikaratasi vinavyogeuka rangi. Alijua maji. Angekuambia maji haya yametoka wapi kwa kuyatazama tu. Na mume wangu, ambaye nyumbani ukimuuliza habari za kazi anajibu "nzuri", akawa anakuja na habari zake. Mpima Maji kasema bwawa la pili limetulia. Mpima Maji kaona kaa hai kwenye mawe. Jioni moja tunakula alimtaja mara tisa. Nilihesabu.

Halafu akaanza kuingia handakini jioni, mimi nikishatoka kazini. Alisema lazima pampu zihamishwe maji ya bahari yakipanda. Sawa. Lakini mwenzake wa siku zote alikuwa amehamishiwa mabwawani, nami nilijua. Nikamuuliza anaingia na nani.

"Nina mwenza," akasema.

"Nani?"

"Humfahamu." Akacheka, akaendelea kula.

Tangu hapo akawa anarudi nyumbani anaimba chinichini wimbo nisioujua, wa zamani zamani, wa mapenzi. Na nguo zake zikawa na harufu. Si manukato. Ni harufu ya shaba, ile unayoisikia ukitia sarafu mdomoni. Nilizifua mara mbili mbili na harufu haikutoka.

Basi nilipanda kile kilima jioni ile na betri mfukoni, na moyo wangu tayari ulikuwa umeshafika kabla yangu.

Hapakuwa na mtu. Mlinzi alikuwa upande wa baharini, niliona tochi yake kwa mbali. Mabwawa ya chokaa yalikuwa meupe, yametulia. Pampu zilikuwa zimezimwa, kumaanisha mume wangu alikuwa anazihamisha. Nikaenda moja kwa moja kwenye ubao.

Msumari wa kumi na moja ulikuwa na vibati viwili.

Cha chini kilikuwa chake. Cha juu kilikuwa kizito, cha mviringo, kimeota ukungu wa kijani. Si vibati vyetu. Vyetu ni vya bati jepesi, vipya. Nikakigeuza, nikakisugua kwa kidole gumba. Sitini na tatu. Ubao wetu unaishia thelathini.

Nikatazama msumari wa kumi na nne. Mtupu.

Mtu mwenye akili zake angesema: basi Mpima Maji hayumo. Mimi nikasema: mjanja. Ameacha kibati chake mfukoni, wameokota hiki kwenye takataka za zamani, wanakitundika juu ya cha mume wangu kila jioni wakijua mimi nimeshaondoka. Kibati juu ya kibati. Kwenye ubao wangu.

Ndipo nikasikia kicheko.

Kilitoka ndani, mbali. Cha mume wangu. Nakijua kicheko chake hata katikati ya soko. Kikafuatiwa na sauti ya pili... ya chini, ya kunong'ona, inaeleza jambo polepole. Sikusikia maneno. Haikuwa nyembamba ile sauti, na nikijisema ukweli leo, haikuwa ya mwanamke. Lakini nilitaka iwe ya mwanamke. Nilikuwa nimeshapanda kilima chote kwa ajili yake.

Ningeita. Ningesema tu, "Baba, nimekuletea betri." Sikuita.

Nilikichomoa kile kibati cha kijani nikakitupa kwenye bwawa la chokaa. Maji yalifoka pale kilipoangukia, yakatoa povu, yakanyamaza. Halafu nikafungua daftari. Nilitaka huyo binti akija asubuhi akute maandishi, ajue amejulikana. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini:

Sitini na tatu. Ametoka.

Sauti ya ndani ikakatika.

Haikupungua. Ilikatika katikati ya neno.

Nikasimama na kalamu mkononi. Ile harufu ya sarafu ilikuja kwanza, nzito, mpaka ulimi ukawa mchungu. Kisha nikasikia nyayo kwenye maji. Chwap. Chwap. Za mtu mmoja. Haziharakishi wala hazisiti.

Na hapakuwa na mwanga.

Mtu anayetoka handakini bila taa hupapasa ukuta, hujikwaa, hutukana. Huyu alitembea katikati ya njia mikono ikining'inia. Alipofika mlangoni nikaona koti la mume wangu, kofia ngumu ya mume wangu, uso wa mume wangu umelowa maji. Nikatazama nyuma yake, nikimsubiri mwingine atoke.

Hakutoka mwingine.

"Taa yako iko wapi?" nikauliza.

"Siihitaji."

"Na mwenzako?"

"Amebaki," akasema kwa upole.

Nikasema kimoyomoyo, na abaki huko huko, atatoka nikishaondoka, na aibu yake. Nilimshika mkono tukateremka, na mkono ulikuwa baridi kupita kiasi. Kwenye kona ambapo mji unaonekana wote alisimama akatazama chini muda mrefu.

"Taa zimekuwa nyingi," akasema.

Nilidhani anatafuta maneno ya kubadilisha mada.

Nyumba yetu ni vyumba viwili vya kupanga, uani kwa Bi Mita. Jina hilo tulimpa sisi wapangaji, kwa sababu kila jioni huinama kwenye mita ya maji na tochi, akihakikisha hakuna aliyeoga zaidi ya haki yake. Mkavu, mkali, hacheki na mtu. Mumewe alifia mgodini zamani, wakati maji yalipovunja ukuta ndani yakafunika watu wanne, na kampuni ikaondoka bila kuwatoa. Hakuna aliyethubutu kumzungumzia hayo.

Tulipoingia uani alikuwa ameinama kwenye mita yake. Mume wangu alikuwa anaimba ule wimbo, chinichini. Bi Mita akanyanyuka ghafla mpaka tochi ikamponyoka.

"Nani anaimba?"

"Mume wangu," nikajibu, na nikakaza ile "wangu", maana siku ile nilikuwa tayari kupigana hata na kuku jike.

Alimmulika usoni. Akamtazama. Kisha akazima tochi, akaingia ndani kwake, akafunga mlango. Mita hakuimaliza.

Mlangoni kwetu mume wangu alisimama nje.

"Karibu basi," nikasema kwa kejeli. "Au nyumba si yako?"

"Asante, shemeji."

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka. Niliona amekamatwa na sasa anatafuta kunichekesha. Alikula sahani tatu, kama mtu aliyetoka kufunga. Aliponawa, maji ya beseni yalibaki na rangi ya kijani. Nilipotandika kitanda, akachukua shuka moja akajilaza sakafuni karibu na mlango.

"Njoo huku," nikamwambia.

"Si vizuri, shemeji."

Na mimi, mpumbavu, nilifurahi. Nilijisemea hofu imemwingia. Tangu tuoane sijawahi kumwona mpole vile, hana habari za Mpima Maji, hana kicheko cha pembeni, yupo tu, ananitazama kwa adabu. Nikalala usingizi mzuri kuliko wa mwezi mzima.

Asubuhi ile ndiyo ilikuwa ya zege. Nilimwacha amelala, nikamfunika vizuri, nikapanda kilimani nikiwa na amani. Magari ya kuchanganyia zege yalishafika, yanazunguka. Msimamizi wetu, tuliyemwita Dakika Tano kwa sababu kila jambo kwake linahitaji dakika tano, alikuwa anakimbia huku na kule.

"Ubao uko wazi?" akaniuliza.

Nikageuka. Misumari yote ilikuwa mitupu isipokuwa mmoja.

Kumi na moja.

Nilikitazama mara mbili, sitaficha. Lakini jambo lenyewe lilikuwa na maelezo mepesi: jana alitoka akapitiliza, hakuchukua kibati chake, na mimi kwa hasira sikumkumbusha. Nilinyoosha mkono nikichukue.

"Subiri," mtu akasema nyuma yangu.

Alikuwa Mpima Maji, ana tope mpaka magotini, macho mekundu. Alimgeukia Dakika Tano. Alisema amekuwa mdomoni mwa handaki tangu alfajiri anachukua maji ya mwisho, na amesikia kugonga. Mtu anagonga bomba kwa chuma. Mara tatu, anapumzika, mara tatu.

Dakika Tano akanitazama. "Fundi yuko wapi?"

"Nyumbani. Nimemwacha amelala sasa hivi."

"Una hakika?"

"Nimemfunika mwenyewe."

Mpima Maji akasogea karibu nami, akashusha sauti. "Dada, tafadhali. Kibati chake kipo. Mwache Msimamizi atume watu wawili waangalie. Ni nusu saa tu."

Nikamtazama uso ule. Nikaona jinsi alivyokuwa anatetemeka. Na unajua niliwaza nini? Niliwaza: analilia handaki lake. Likizibwa, jioni zao zimekwisha. Ndiyo maana anataka lisizibwe.

Nikakitoa kibati cha kumi na moja msumarini, mbele yake, taratibu, aone vizuri. Nikakitia mfukoni. Nikaandika, nikasaini.

"Ubao uko wazi," nikasema. "Hizo ni pampu."

Zege likaanza kumwagika. Lilimwagika saa tatu nzima. Mpima Maji alikaa juu ya sanduku lake la vichupa analia bila sauti, na mimi nilimwona akilia, na nilifurahi. Hilo nalo liandikwe.

Ni Dakika Tano aliyeniambia, wakati tunasubiri gari la pili, kwamba binti yule asihukumiwe, ni uchovu. Jana tangu alasiri mpaka saa mbili usiku alikuwa kwenye boti na wavuvi, anapima ghuba yote, na yeye Dakika Tano alikuwa naye.

Niliuliza mara mbili. Alijibu mara mbili.

Nilitia mkono mfukoni nipate kitu cha kushika. Nikashika betri. Ilikuwa bado imejaa. Sikuwa nimempa.

Niliteremka kilima mbio. Nilitaka kumwona tu, nimguse, aniambie neno moja ninalolijua.

Mlango wa Bi Mita, ambao haufunguliwi hata akija mgeni, ulikuwa wazi. Amekaa kizingitini, amevaa gauni la maua sijapata kuliona, limekunjamana kwa kukaa sandukuni. Mume wangu alikuwa amekaa chini miguuni pake. Mkono wake ulikuwa kwenye mapaja ya yule bibi, naye alikuwa anamkata kucha, moja moja, kwa makini. Kila kucha iliyoanguka ilikuwa na kijani chini yake.

"Bi Mita," nikasema. "Ndio nini hii?"

Hakuinua uso. "Kibati chake kilikuwa sitini na tatu," akasema. "Siku kumi na moja nilisimama kwenye lile lango, na kila siku niliwaambia, kibati cha mume wangu hakijatoka. Wakaniambia rudi nyumbani, mama." Akafuta kucha kwa kanga. "Sura si yake. Lakini wimbo ule alinitungia mimi, chumbani. Hakuna mwingine aliyeusikia. Umempata wapi?"

Nilimtazama yeye, yule mwanamume, kwenye ule uso ninaoujua mpaka kovu la nyusi.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Uliandika mimi nimetoka, shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, ndiyo maana bado naisikia. "Yeye jana hukumwandika. Tulikuwa tunazungumza vizuri. Taa yake ilikuwa inazimika, nikamwambia twende basi, akasema hapana. Akasema mke wake ataleta betri."

Nilipanda tena. Sijui nilipandaje. Nilimshika Dakika Tano koti nikamwambia avunje lile zege, mume wangu yumo ndani. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, na wafanyakazi wote wakatazama nyuma yangu. Alikuwa amenifuata. Alisimama pale kwenye jua, koti lake, kofia yake, anapumua. Bi Mita amemshika mkono.

"Fundi, mchukue mkeo," Dakika Tano akasema. "Apumzike siku mbili tatu."

Wengine walicheka kidogo, kwa huruma. Zege lilikuwa linakauka vizuri.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Maji yanatoka kwenye bomba moja, yanapita mabwawani, yanashuka baharini meupe. Kaa wamerudi kwenye mawe. Wiki jana dagaa waliingia ghubani kwa wingi na watu walikimbia ufukweni na ndoo, na wanunuzi hawaulizi tena maji gani. Mji una furaha. Wanamshukuru kila aliyefanya kazi ile, hata mimi.

Yeye amehamia kwa Bi Mita. Mtaani wanasema wivu wangu umemchosha Fundi mpaka amekimbilia kwa ajuza. Wanasema na yule ajuza amenawiri, anacheka, mita haiangalii tena. Jioni nawasikia kupitia ukutani wakiimba wawili. Mwenzangu, nimeona wivu kwa mambo mengi maishani, lakini sijui huu niuiteje.

Kila siku mchana napanda mpaka kwenye kizibo. Naweka sikio kwenye zege. Nabisha mara tatu. Naweka sikio kwenye bomba, maji yananilowesha shingo. Nasikiliza mpaka jua linaanza kushuka.

Kimya.

Jana nilichelewa kupanda, nikafika jioni na kumkuta Mpima Maji pale. Yeye ndiye peke yake aliyebakishwa na mradi, kupima maji ya bomba asubuhi na jioni. Alikuwa amechuchumaa, kichupa mkononi, na midomo yake ilikuwa inacheza. Aliponiona akanyamaza.

Nikakaa karibu naye. Halafu akaanza yeye. Aliniambia kile kibati mume wangu alikiokota kwenye tope, chini ya bomba la zamani, akamwonyesha. Sheria inataka vibati viwili na mume wangu alikuwa hana wa kuingia naye, basi akaona atundike hicho juu ya chake, ubao uonyeshe wawili. Alikuwa akitania kwamba huyu mwenza halalamiki wala haombi likizo. Mpima Maji alimwomba asifanye hivyo. Siku ya tatu tu mume wangu akamwambia mwenza ameanza kuitikia.

"Na ulijua," nikasema. "Asubuhi ile ulijua ni yeye."

"Nilikuambia, dada."

Kweli, aliniambia.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kichupa chake. Nikauliza swali nililokuja nalo miezi mitano, nililokuwa naogopa kuliuliza kuliko yote.

"Wewe unamsikia?"

Alifunga kifuniko cha kichupa, akakaza, akakaza tena.

"Kila jioni," akasema. "Anasema kuna giza. Anauliza betri."

Nilishika zege kwa mikono miwili. Nilitaka kumwuliza mume wangu amesema nini juu yangu, kama amenisamehe, ana njaa, anaumia. Mdomo ukatoa kingine, kile kile cha siku zote.

"Anakuita nani?"

Binti alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona ananiogopa.

"Ananiita mke wangu," akasema. "Anadhani ndiye wewe unayekuja. Mimi sijamwambia kwamba si wewe."